Mpulizaji Mmoja, Noti Moja: Bendi za Pembe za Urusi, Bigwala ya Busoga na Kadodi ya Mbale

Historia za jumla za muziki wa Urusi huanza na wimbo wa kanisa, hupita haraka karne ya 18, kisha hutua kwa Mikhail Glinka na opera yake ya mwaka 1836. Katika upitaji huo huachwa nyuma aina ya bendi ambayo haikuwa na mfano katika Ulaya ya wakati wake. Ni bendi ya pembe iliyoundwa St Petersburg mwaka 1751, ambamo kila mpulizaji alikuwa na pembe moja iliyotoa noti moja tu. Wimbo haukuwa mali ya mpulizaji yeyote. Ulizaliwa pale watu wote walipokusanyika na kila mmoja akatoa noti yake kwa zamu yake.

Mashariki mwa Uganda, katika Busoga ambayo Jinja ndiyo mji wake mkubwa, upo muziki uliojengwa juu ya kanuni hiyo hiyo. Unaitwa bigwala: tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, kila kimoja kikiwa na noti yake, zinazopokezana hadi wimbo ukamilike. Makala hii haidai kwamba mifumo hii miwili iliwahi kukutana. Kinachoilinganisha ni mahitaji yake. Muziki wa namna hii hauwezi kubebwa na mtu mmoja kutoka kizazi hadi kizazi, wala hauwezi kufanyiwa mazoezi na mtu aliye peke yake nyumbani. Unahitaji mkusanyaji, yaani mamlaka au desturi yenye uwezo wa kuwaita watu mahali pamoja na kuwafanya waje. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba hatima ya muziki huu huamuliwa na hatima ya mkusanyaji wake kuliko na ubora wa muziki wenyewe, na kwamba sera za urithi wa utamaduni katika Afrika Mashariki zimeishughulikia ala kuliko zilivyomshughulikia anayeiitia watu.

Pembe za Naryshkin

Ili kuelewa kwa nini bendi hiyo ilizuka Urusi, yafaa kukumbuka hali ya muziki nchini humo kabla yake. Kanisa la Kiorthodoksi halikuruhusu ala ndani ya ibada. Muziki wake ulikuwa sauti za wanadamu, na nje ya jengo, kengele. Wapigaji ala na wachekeshaji wa kutangatanga, walioitwa skomorokhi, walipigwa marufuku na Tsar Aleksei mwaka 1648, na ala zao zikaamriwa kuharibiwa. Hivyo, Peter I na warithi wake walipoanza kuiga desturi za Ulaya Magharibi, iliwabidi walete wanamuziki wa kasri kutoka Ujerumani, Italia na Bohemia. Nchi ilikuwa na waimbaji hodari, lakini wapigaji ala wenye mafunzo ya kigeni walikuwa wachache.

Mmoja wa walioletwa ni Jan Antonín Mareš, mpiga pembe kutoka Bohemia. Kabaila Semyon Naryshkin alimkabidhi kazi ya kurekebisha pembe za wawindaji wake, ambazo ziliita kwa sauti zisizopatana. Badala ya kumfundisha kila mwindaji ala ngumu yenye noti nyingi, Mareš alitengenezesha pembe za madini za urefu mbalimbali, kila moja kwa noti moja, akampa kila mtu yake. Zilizokuwa fupi zilishikwa kwa mkono mmoja. Zilizokuwa ndefu zilizidi kimo cha mtu na ziliegemezwa juu ya vihimili. Mbele ya mpulizaji palikuwa na karatasi yenye noti yake peke yake na vituo vingi katikati. Kazi yake kubwa, kwa hakika, ilikuwa kuhesabu. Mwaka 1757 bendi hiyo ilisikilizwa na Malkia Elizabeth katika sherehe ya uwindaji karibu na Moscow, na kasri nalo likataka ya kwake. Kufikia mwaka 1796 fani hii ilikuwa imekua kiasi cha Johann Christian Hinrichs kuichapishia kitabu kizima mjini St Petersburg. Bendi kubwa hazikuishia kwenye miito ya uwindaji. Zilipiga muziki wa opera, na Giuseppe Sarti, Mwitalia aliyemtumikia Catherine II, aliziandikia sehemu katika kazi zake kubwa za kwaya na okestra.

Wasafiri kutoka Ulaya Magharibi walistaajabu. Waliandika kwamba kwa mbali bendi hiyo ilisikika kama kinanda kikubwa cha kanisa. Wachache walijiuliza kwa nini haikuigwa kwao, na jibu halikuwa gumu. Wapulizaji walikuwa watwana, watu waliomilikiwa pamoja na ardhi. Kabaila mwenye watwana elfu kadhaa angeweza kuwatoa shambani vijana arobaini, akawafungia mazoezini kwa miezi, kila mmoja akijifunza noti moja mpaka asikosee. Mwajiri anayelipa mshahara hangeweza kumudu watu arobaini kwa kazi ambayo okestra ya watu kumi na wanane ingeifanya. Watwana wanamuziki waliuzwa na kununuliwa, na bei yao iliongezwa na ujuzi wao. Ipo simulizi ya mtwana aliyeulizwa yeye ni nani akajibu kwa kutaja jina la bwana wake na noti anayopuliza. Huenda ni utani wa wasafiri, lakini utani huo uliweza kueleweka kwa sababu hali yenyewe ilikuwepo.

Mkusanyaji alipodhoofika, muziki ulimfuata. Vita vya mwaka 1812 viliwafilisi makabaila wengi na bendi zao zikavunjwa. Katika miaka ya 1830 zilizobaki zilikuwa chache, na baadhi ziligeuka maonyesho ya kuzunguka miji ya Ulaya. Utwana ulipofutwa mwaka 1861 hapakuwa na mtu wa kuzirithi. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba watwana walioachwa huru hawakuendelea kupuliza pembe hizo kwa hiari yao katika vijiji vyao. Haukuwa muziki wao. Miaka ya 1880 kasri lilitengeneza pembe mpya kwa ajili ya kutawazwa kwa Alexander III, kisha zikawekwa. Leo baadhi yake zimo katika makumbusho ya St Petersburg, na tangu mwanzoni mwa karne ya 21 bendi za aina hiyo zimeundwa upya mjini humo na wanamuziki waliosomea vyuoni, wanaolipwa kwa tiketi za hadhira. Uhai huo si wa kubezwa, ingawa ni uhai wa jukwaani.

Ulinganisho mmoja wa ndani ya Urusi unasaidia zaidi. Katika vijiji vya Kursk na Bryansk, wanawake wakulima walikuwa na kugikly, filimbi za matete zisizo na matundu ya vidole. Kila mwanamke hushika filimbi chache, hupuliza noti zake na kuzijaza kwa sauti ya kinywa chake, huku wenzake wakipokea. Kanuni ni ile ile ya kupokezana, na wachezaji walikuwa wa tabaka lile lile la wakulima. Hata hivyo kugikly iliishi. Mtafiti Klyment Kvitka aliikuta ikipigwa katika mkoa wa Kursk kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, miongo mingi baada ya pembe za makabaila kunyamaza. Waliowaita wanawake hao walikuwa majirani, sikukuu na majira ya kazi, na hao hawakufutwa kwa sheria ya mwaka 1861.

Watunzi wa kizalendo wa karne ya 19, kundi la Balakirev, Mussorgsky, Borodin, Rimsky-Korsakov na Cui, nao hawakuirudia bendi ya pembe walipotafuta sauti ya taifa. Walikwenda kwa nyimbo za wakulima. Balakirev alichapisha mkusanyo wake mwaka 1866, na Rimsky-Korsakov akafuata mwaka 1877 na nyimbo mia moja. Vasily Andreyev naye alichukua balalaika ya kijijini, akaisanifu upya kwa saizi mbalimbali na kuunda okestra mwaka 1888. Balalaika ilikuwa na sifa ambayo pembe haikuwa nayo: mtu mmoja angeweza kwenda nayo popote.

Vibuyu vya Busoga

Katika lugha ya Kirusi neno rog ni pembe ya mnyama na pembe ya kupulizwa kwa pamoja, kama ilivyo katika Kiswahili. Waswahili wa pwani wana msamiati mpana zaidi wa jambo hili. Lipo baragumu, ipo mbiu inayopigwa ili watu waje wasikie tangazo, na ipo siwa, ile ya pembe za ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, iliyokuwa alama ya utawala kabla ya kuwa ala. Msamiati huu wenyewe unaonyesha kwamba katika fikra za wasemaji, pembe haikutenganishwa na anayeita. Bigwala inaingia katika familia hiyo. Kiambishi bi- cha Lusoga ni ndugu wa vi- ya Kiswahili, na jina lenyewe ni la wingi. Hilo lastahili kuzingatiwa: kibuyu kimoja peke yake si muziki bado.

Tarumbeta za bigwala hutengenezwa kwa vibuyu vyenye shingo ndefu, vipande vikiunganishwa hadi kupata urefu unaotoa noti inayotakiwa. Mpulizaji wa kwanza huanza, wengine humfuata, kisha waimbaji, na mwishowe wachezaji wanaozunguka wapulizaji na wapiga ngoma huku wakitikisa viuno na kuinua mikono. Maneno ya nyimbo husimulia historia ya Basoga, hasa kuhusu mfalme wao, lakini hugusa pia ndoa, uongozi na mwenendo. Ndugu zake wapo katika falme nyingine za Uganda: amakondere ya Bunyoro, Toro, Ankole na Buganda hupigwa kwa kanuni ya kupokezana na yalikuwa sehemu ya heshima ya kasri. Bigwala vilevile ilipigwa katika kutawazwa na katika mazishi ya watawala.

Mkusanyaji wa bigwala basi alikuwa utawala. Busoga ilikuwa na machifu wengi kabla ya cheo cha Kyabazinga kuimarika, na Ezekiel Tenywa Wako akawa wa kwanza kukishika mwaka 1939. Mgogoro wa mwaka 1966 na katiba ya mwaka 1967 viliziondoa falme zote za Uganda. Kwa zaidi ya robo karne hapakuwa na kutawazwa Bugembe. Falme ziliporejeshwa kuanzia mwaka 1993, Henry Wako Muloki alirudi kitini, lakini baada ya kifo chake mwaka 2008 mvutano wa urithi uliendelea hadi William Gabula Nadiope IV alipotawazwa mwezi Septemba 2014. Katikati ya mvutano huo, mwaka 2012, UNESCO iliiandikisha bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maelezo ya uandikishaji yalitaja wazee wanne tu waliobaki na ujuzi wa kuitengeneza, kuipuliza na kuicheza.

Wanne, kwa muziki unaohitaji wapulizaji watano.

Haitoshi kuulaumu mwaka 1967 peke yake. Busoga ilikuwa inabadilika tangu kabla ya hapo. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianza mwaka 1930, bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954, na viwanda vya nguo vya Jinja vikavuta vijana kutoka vijijini. Kijana aliyehamia makazi ya wafanyakazi aliweza kubeba endongo, ala ya vidole ya jamii ya likembe iliyoenea Busoga katika karne ya 20 kutoka upande wa Kongo, akaipiga jioni akiwa peke yake au na mwenzake. Hakuweza kubeba sehemu ya tano ya bigwala. Hata embaire, marimba makubwa yanayopigwa na watu kadhaa juu ya shimo, ilibaki imara zaidi mahali ambapo kijiji kizima kiliishikilia kama Nakibembe, na kikundi cha huko kimefika hadi majukwaa ya Ulaya. Embaire inahitaji watu wengi pia, lakini ala ni moja, ipo mahali pamoja, na kijiji ndicho kinachoita. Kwa maneno mengine, idadi ya wapigaji peke yake haielezi ni muziki upi utakaokufa.

Tofauti na Urusi nayo ni kubwa na haifai kufichwa ndani ya ulinganisho. Mpulizaji wa bigwala hakuwa mali ya mtu, na nyimbo zilikuwa za lugha yake na za historia anayojihesabu kuwa ndani yake. Ndiyo maana baada ya mwaka 2012 ufufuaji ulipata pa kuanzia. Kazi ya kuwakutanisha wazee na vijana, ambayo mwanazuoni James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alishiriki, ililazimika kuanza na jambo lisilotajwa sana katika vitabu vya muziki: kupanda vibuyu, kwa kuwa bila zao hilo hapana ala. Vijana walijitokeza. Watwana wa Naryshkin hawangejitokeza.

Ngoma inayotembea

Kutoka Jinja kuelekea mashariki, katika jiji la Mbale na vilima vinavyolizunguka, hali ni nyingine. Bagisu hawakuwa na mfalme. Cheo cha Umukuuka, kiongozi wa taasisi ya Inzu ya Masaba, ni cha karne ya 21. Hata hivyo kadodi, ngoma za imbalu, hazijawahi kuhitaji orodha ya dharura. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi Agosti, msimu wa tohara hufunguliwa Mutoto, katika Divisheni ya Viwanda ya Jiji la Mbale. Baada ya hapo ngoma huzagaa: zimefungwa kwa mikanda mabegani mwa wapigaji, na kikundi humfuata kijana akitembelea ndugu zake kwa siku kadhaa, barabarani, vilimani, katikati ya magari. Kuvuka mpaka, Babukusu wa Kenya wana msimu huo huo wa miaka ya shufwa, ingawa kwao kijana hubeba njuga mikononi na wimbo ndio unaotangulia.

Kadodi nayo ni muziki wa kupokezana. Ngoma zina ukubwa tofauti na kila moja ina kazi yake. Ikikosekana moja, wachezaji huisikia. Kinachoitofautisha na bigwala ni kwamba mkusanyaji wake si mmoja. Kila nyumba yenye kijana wa kutahiriwa ni mkusanyaji, nayo hujitokeza kwa mujibu wa kalenda, bila kusubiri amri. Serikali haiwezi kufuta kwa ibara moja ya katiba mkusanyaji aliyetawanyika namna hiyo. Kutokana na wingi huo wa kazi, wapigaji huweza kudumisha vikundi, na vikundi vimepata soko nje ya tohara: harusi, mikutano ya siasa, mashabiki wa mpira, hata Kampala. Wapo wanaolalamika kwamba ngoma ya tohara imegeuzwa burudani. Lalamiko hilo lina uzito wake, ingawa wanaolitoa huwa na kitu cha kulalamikia. Busoga ya mwaka 2012 haikuwa na anasa hiyo.

Mkusanyaji huyu naye hana usafi kamili. Shinikizo la jamii kwa kijana anayesita ni kali, na visa vya watu wazima kukamatwa na kutahiriwa kwa nguvu vimewahi kuripotiwa Bugisu. Uchambuzi unaoona utumwa katika pembe za Urusi na kuona furaha tupu katika kadodi utakuwa umechagua cha kuona. Nguvu inayokusanya watu huwa na sura mbili, na sera ya utamaduni inayoifadhili haina budi kusema wazi inafadhili ipi.

Sera na mkusanyaji

Uganda iliridhia mwaka 2009 mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika, na baada ya bigwala ikaandikisha katika orodha ya dharura desturi nyingine: empaako mwaka 2013, utakaso wa mtoto wa kiume wa Walango mwaka 2014, simulizi za Koogere mwaka 2015, na kinubi cha Wama'di mwaka 2016. Mfululizo huo ni wa kuheshimiwa. Tatizo ni kwamba miradi ya namna hii hupimwa kwa vinavyohesabika: warsha zilizofanyika, ala zilizotengenezwa, saa zilizorekodiwa. Rekodi zina thamani. Zile alizozifanya Hugh Tracey katika Uganda miaka ya 1950, zikiwemo za Busoga, ni hazina. Lakini pembe za Urusi zilihifadhiwa vizuri kuliko ala nyingi za dunia, zikiwa na kitabu cha mwaka 1796, karatasi za muziki na ala zenyewe ndani ya kabati la kioo, na hakuna kijiji kilichozipuliza.

Kwa bigwala, swali la kuulizwa na washauri wa sera mjini Jinja si vijana wangapi wamefundishwa, bali ni tukio gani litawaita watano hao pamoja mwaka ujao, na la mwaka unaofuata, pasipo mfadhili kulipa nauli. Mazishi na harusi za kawaida zinaweza kuwa jibu. Zamani bigwala ilikwishaanza kusogea huko. Shule zinaweza kuwa jibu pia, kwa sharti kwamba mwanafunzi apitishwe kwenye noti zote tano badala ya kubakizwa na moja, ili kuhama kwa mmoja kusiache shimo katika wimbo. Istilahi nazo zinahitaji kazi. Maandiko ya kiserikali kuhusu bigwala huitenga kuwa muziki na dansi, maneno mawili kwa kitu ambacho Kiswahili, pamoja na lugha nyingi za ndugu zake, hukiita ngoma: chombo, mchezo na shughuli kwa mpigo. Kiswahili kimekubaliwa na baraza la mawaziri la Uganda kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Silabasi ya sanaa itakayoandikwa kwa lugha hiyo ina nafasi ya kutotafsiri mgawanyo ambao watumiaji wake hawana.

Hesabu ya kalenda inaonyesha ukubwa wa kazi. Tangu kutawazwa kwa Kyabazinga mwezi Septemba 2014, Busoga ilisubiri hadi Novemba 2023 kupata tukio jingine la kifalme la ukubwa huo, harusi yake katika kanisa kuu la Bugembe. Katikati palikuwa na maadhimisho ya kila mwaka, ambayo ni ya hotuba zaidi. Katika kipindi hicho hicho Mbale ilipita misimu minne ya imbalu, 2016, 2018, 2020 na 2022, mmoja wake ukiwa chini ya vizuizi vya UVIKO-19. Mvulana wa Kigisu aliyekuwa na umri wa miaka minane mwaka 2014 amesikia kadodi mlangoni mwa kaka zake, binamu zake na majirani, kisha ikaja mlangoni mwake. Mwenzake wa Busoga, katika miaka hiyo tisa, amepata nafasi kubwa mbili za kuisikia bigwala ikimwita mtu, na huenda zote mbili amezitazama kwenye televisheni.